Shauku na Riziki: Kuhama, Kuilea Pembeni, au Kuiingiza Kazini?

Msomaji wa ulinganisho huu huenda ana jambo moja ambalo hulifanya kila apatapo nafasi, bila kuagizwa na mtu na bila kulipwa, na sasa ameanza kujiuliza kama jambo hilo linaweza kumlisha. Ushauri anaokutana nao mara nyingi ni wa pande mbili. Wapo wanaomwambia aifuate shauku yake kwa moyo wote, kwamba riziki itamfuata. Na wapo wanaomwambia ashike kazi yenye mshahara, mapenzi yake ayabakize kwa siku za mapumziko. Pande zote mbili zinajibu swali la kufuata au kutofuata, ilhali linalomsumbua mtu aliyekwisha kuanza kufuata ni namna: afuate vipi, kwa kasi gani, na kwa gharama ya nani.

Namna zenyewe naziona tatu. Ya kwanza ni kuhama, yaani kuacha kazi au masomo aliyo nayo na kuikabidhi shauku saa zake zote za kazi. Ya pili ni kuilea shauku pembeni, huku kipato kikiendelea kutoka kwingine. Ya tatu ni kuiingiza ndani ya kazi ileile anayoifanya, mpaka kazi yenyewe ianze kubadilika umbo. Nitasema mapema ninakoegemea, ili hoja zangu zipimwe kwa haki: naamini kwamba kwa watu wengi njia ya pili ndiyo ya kuanzia, kwamba njia ya tatu inasahaulika isivyostahili, na kwamba njia ya kwanza ni njema pale tu ambapo mlango fulani umekwisha kufunguka. Kuhama kwa sababu mlango umefunguka, na kuhama kwa matumaini kwamba kuhama kwenyewe kutaufungua, ni mambo mawili tofauti, hata kama kwa mtazamaji wa nje yanafanana.

Jinsi kazi isiyotarajiwa inavyopatikana

Kabla ya kulinganisha njia, inafaa kutazama kazi ya namna hii hutokea vipi, kwa sababu wengi hudhani hutokea kwa bahati au kwa kipaji. Michael Faraday alikuwa na umri wa miaka 14 alipoanza uanagenzi wa kujalidi vitabu jijini London, na uanagenzi huo ulidumu miaka saba. Alikuwa akivisoma vitabu alivyoletewa kuvijalidi, na vilivyomshika zaidi vilikuwa vya umeme na kemia. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akachora vifaa alivyoviona, akazijalidi kurasa hizo zilizokaribia 300 kuwa kitabu kimoja, kisha akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata nafasi ya msaidizi wa maabara ilipopatikana katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, Davy alikuwa anajua pa kumpata mtu wa kuijaza. Mwaka 1831 msaidizi huyo wa zamani aligundua kwamba sumaku inayosogezwa karibu na waya huzalisha mkondo wa umeme, na mitambo mingi inayozalisha umeme leo imejengwa juu ya ugunduzi huo.

Katika kisa hiki mambo matatu yanashikana. Shauku ilimfundisha Faraday bila yeye kuhesabu saa alizojifunza. Kisha ilizaa kitu kinachoshikika mkononi, kitabu ambacho mtu asiyemjua aliweza kukifungua na kumpima kwacho. Tena ilimfikisha kwa watu ambao kazi yake ya dukani isingemfikisha kwao. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba ule ujalidi, kazi aliyotamani kuiacha, ndio ulioipa shauku yake sura ya kuonekana. Mtu mwingine mwenye maelezo mazuri kama yale, asiyejua kujalidi, angepeleka fungu la karatasi.

Charles Darwin naye anafundisha jambo la jirani. Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, akashindwa kuvumilia kuutazama upasuaji wa siku zile, uliofanywa bila dawa ya usingizi. Akahamishiwa Cambridge ili hatimaye awe mchungaji wa kanisa, na huko sehemu kubwa ya nguvu zake aliitumia kukusanya mbawakawa na kutembea porini na profesa wa botania, John Stevens Henslow. Mwaka 1831 ilipotafutwa nafasi ya mtu wa kusafiri na meli iitwayo Beagle akichunguza viumbe na miamba, Henslow alimpendekeza kijana huyo. Safari ilichukua takriban miaka mitano, naye hakurudi kwenye uchungaji. Wadudu wale hawakumpa kazi. Walimpa jicho la kuchunguza na mtu wa kumtaja jina lake mahali ambapo yeye hakuwapo. Ni haki pia kusema kwamba baba yake, ambaye mwanzoni aliipinga safari ile, ndiye aliyeigharamia, na suala la nani hulipa nitalirudia kwa sababu ndilo linalofichwa zaidi katika hadithi za aina hii.

John Krumboltz na wenzake, katika makala waliyoichapisha mwaka 1999 kuhusu ushauri wa kazi, waliieleza hali hii kuwa ni bahati inayoweza kuandaliwa. Walitaja udadisi, ustahimilivu, wepesi wa kubadilika, matumaini, na utayari wa kuthubutu kuwa ndizo sifa zinazomwezesha mtu kuitambua nafasi isiyopangwa na kuitumia. Basi kipimo changu kwa kila njia kati ya hizi tatu ni kama inamwezesha mtu kuendelea kujifunza, kuzalisha kitu cha kuonyesha, na kukutana na watu, kwa muda mrefu wa kutosha mpaka nafasi hiyo itokee.

Kuhama

Nguvu ya kuhama iko katika saa. Mtu anayejifunza ufundi kwa siku nzima hupiga hatua ambazo anayejifunza baada ya kazi, akiwa amechoka, atazipiga kwa miaka mingi zaidi. Tena kuna shauku ambazo haziwezi kulelewa jioni kabisa. Jane Goodall alipenda wanyama wa Afrika tangu utotoni, na hakuna namna ambayo angewachunguza kutoka katika dawati la ukatibu muhtasari nchini Uingereza. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani ili akusanye nauli, akafika Kenya mwaka 1957, akakutana na Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, na kufanya kazi kwake kama katibu. Leakey ndiye aliyemtafutia fedha za kuanzia utafiti wa sokwe huko Gombe, na Julai 1960 akaingia msituni. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemwona sokwe akichokonoa mchwa kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe, jambo lililowalazimu wanasayansi kufikiri upya dhana kwamba binadamu peke yake ndiye mtengeneza zana. Baadaye Cambridge ilimpokea asomee shahada ya uzamivu ingawa hakuwa na shahada ya kwanza.

Kisa chake hutolewa mara nyingi kuwa mfano wa kuruka bila kuangalia, nami sikubaliani na usomaji huo. Kabla ya nauli kulikuwa na akiba; kabla ya msitu kulikuwa na ukatibu kwa mtu aliyeijua kazi hiyo; na alipoingia Gombe alikuwa na mfadhili aliyepatikana. Alihama kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na pa kukanyaga.

Udhaifu wa kuhama ni kwamba gharama yake haiondoki. Huhamia kwa mtu mwingine. Vincent van Gogh, baada ya kufanya kazi kwa wauza picha, kufundisha, na kuhubiri miongoni mwa wachimba makaa ya mawe, aliamua mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, kwamba atakuwa mchoraji. Katika miaka kumi iliyobaki ya maisha yake alichora kwa kasi ya kushangaza, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi kwa fedha alizotumiwa na ndugu yake Theo. Anayeutaja ujasiri wa Vincent bila kuutaja mshahara wa Theo amesimulia nusu ya habari, na msomaji anayefikiria kuhama anapaswa kuitaja nusu ya pili kwa jina: kama si akiba yangu, ni akiba ya nani? Je, mtu huyo ameulizwa, akakubali, akiujua muda na kiasi, au ninamtegemea kwa kuwa najua hatakataa?

Hata pale shauku inapoleta fedha, fedha hizo zinaweza kuja kwa mtindo unaochosha roho. Mary Anning wa Lyme Regis, mji wa pwani ya Uingereza, alichimba visukuku katika majabali ya pwani na kuviuza, na kati ya alivyovitoa ni mifupa ya mijusi wa baharini wa kale ambayo wataalamu hawakuwa wameiona ikiwa kamili kiasi hicho, ukiwamo ule wa mwaka 1823. Lakini miezi ingeweza kupita bila kupata kitu cha maana. Mwaka 1820 familia yake ilikuwa imefikia hatua ya kutaka kuuza samani ili ilipe kodi ya nyumba, na iliyowaokoa ni hisani ya mnunuzi wao mmoja, Thomas Birch, aliyeuza kwa mnada visukuku alivyokuwa amevikusanya na kuwapa fedha zilizopatikana. Kazi ya Anning ilikuwa ya kiwango cha juu, na bado kipato chake kilikuwa cha kubahatisha. Ubora wa kazi na uhakika wa kipato havisafiri pamoja, na anayehama hana budi kuvipanga kila kimoja peke yake.

Kuna hatari nyingine, tulivu zaidi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya na watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Watoto walioahidiwa cheti cha zawadi wakichora, baadaye, zawadi ilipokwisha kutolewa, walitumia katika kuchora takriban nusu ya muda uliotumiwa na wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mtu mzima mwenye kazi si mtoto mwenye kalamu, na malipo hayaui mapenzi kila mahali. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kwa agizo la mteja jambo alilokuwa akilifanya kwa hiari yake ataitambua hali hiyo. Mpishi anayefungua biashara hutumia siku nyingi katika hesabu, wasambazaji na wafanyakazi kuliko jikoni. Kabla ya kuhama, jambo la kuchunguza si kama unaipenda kazi ile katika saa yake nzuri, bali kama unaweza kuzibeba saa zake nyingine zote.

Kuilea pembeni

William Herschel alikuwa mwanamuziki. Alizaliwa Hanover mwaka 1738, akahamia Uingereza akiwa kijana, na huko Bath alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, mtunzi, mwongozaji wa tamasha na mwalimu wa wanafunzi wengi. Nadharia ya muziki ilimvuta kwenye hisabati, hisabati ikamvuta kwenye elimu ya mwanga, na elimu ya mwanga kwenye nyota. Kwa kuwa darubini alizozitaka hazikununulika kwa uwezo wake, alianza mwaka 1773 kujitengenezea, akisugua vioo vya metali kwa mikono yake. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake, aliona kitu ambacho kilikuja kutambuliwa kuwa sayari iliyo mbali kuliko Zohali, ambayo sasa huitwa Uranus. Mwaka 1782 Mfalme George wa Tatu alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, naye akaachana na muziki kama kazi, akiwa na umri wa miaka 43. Posho hiyo ilikuwa ndogo kuliko alichokipata kwa muziki, na pengo akaliziba kwa kuuza darubini. Dada yake Caroline, aliyekuwa ameletwa Bath ajifunze uimbaji, alimsaidia usiku kwa usiku mpaka akawa mwanaastronomia kwa haki yake mwenyewe. Aligundua nyotamkia kadhaa, na mwaka 1787 alianza kulipwa na mfalme pauni 50 kwa mwaka kwa kazi hiyo.

Nimekikalia kisa cha Herschel kwa sababu kinaonyesha kile ambacho njia ya pembeni inaweza kukifanya na kuhama hakuwezi. Kwa miaka minane muziki ulimlipia vioo vilivyoharibika. Hakulazimika kuifanya darubini yake ya kwanza iwe nzuri kiasi cha kuuzika, wala hakulazimika kuacha kutazama anga kwa sababu mwezi ule haukuleta kitu. Alipewa nafasi ya kuwa mbovu katika jambo jipya kwa muda mrefu, na nafasi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo utajiri mkubwa ambao mshahara wa kwingine humpa mwenye shauku.

Utafiti wa biashara unaelekea upande huohuo. Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa Wamarekani walioanzisha biashara zao wenyewe. Walioanza wakiwa bado katika ajira na kuiacha baadaye walikuwa na uwezekano wa kushindwa uliopungua kwa takriban theluthi moja kuliko walioacha ajira na kuanza moja kwa moja. Sehemu ya sababu inaelekea kuwa ni kujifunza: anayeanza pembeni hupata kuiona biashara yake kwa gharama ndogo kabla ya kuamua, na ambaye ameiona haifai huiacha kabla haijammaliza.

Njia hii ina madhaifu yake, nayo si madogo. La kwanza ni uchovu. Shauku inayopewa saa za mwisho za siku hupewa akili iliyobaki, na mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa kuuguza huenda asibakiwe na kitu. Ni heri saa mbili za alfajiri ya siku mbili kwa wiki, zilizokubaliwa na wote wa nyumbani, kuliko ahadi ya kila usiku inayovunjwa kila usiku. La pili ni la kisheria: mikataba mingi ya ajira ina vifungu kuhusu kazi za nje, na mingine humpa mwajiri haki juu ya kitu kilichotengenezwa kwa vifaa vyake au ndani ya saa zake. Mkataba usomwe kabla ya mteja wa kwanza, kwa sababu baada ya mteja wa kwanza, kuusoma ni kutafuta utetezi. La tatu ndilo linalonihuzunisha zaidi, yaani kujificha. Mtu anaweza kuilea shauku pembeni kwa miaka kumi bila kumwonyesha yeyote alichokitengeneza, akijiambia bado haijawa tayari. Huyo amebaki na kujifunza peke yake, bila kitu cha kuonyesha na bila watu, na hakuna Davy atakayeisoma karatasi iliyofungiwa kwenye droo.

Kuiingiza kazini

Njia ya tatu haina mvuto wa hadithi, na nadhani ndiyo maana inasahauliwa. Florence Nightingale alipenda hisabati tangu utotoni. Hakuacha uuguzi ili awe mtakwimu. Alipokwenda kuwahudumia askari wa Uingereza katika vita vya Crimea mwaka 1854 na kukuta hospitali zilizojaa uchafu na kumbukumbu zisizoaminika, aliingiza katika uuguzi ile hisabati aliyokuwa akiipenda: alihesabu vifo kwa sababu zake na kwa miezi yake, kisha akachora michoro iliyomwonyesha hata mtu asiyejua hesabu kwamba waliouawa na maradhi yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika chama cha watakwimu cha London. Watakwimu waliomzidi kwa hesabu walikuwapo, na wauguzi wenye huruma kama yake walikuwapo. Waliokuwa na vyote viwili walikuwa adimu, na thamani yake ilitoka katika uadimu huo.

Hesabu hiyo inafanya kazi hata kwa watu wa kawaida. Anayependa kupiga picha akiamua kuwa mpiga picha anaingia katika uwanja wenye washindani wasiohesabika. Akiwa fundi wa majengo anayejua kuzipiga picha nyufa na viungo kwa namna inayomfanya mhandisi aliye mbali aelewe tatizo, washindani wake ni wachache. Mhasibu anayependa kuandika programu ndogo, akianza na jedwali moja linalookoa muda wa idara nzima, mara nyingi ndiye atakayeitwa mfumo mpya unapoletwa, na baada ya miaka michache cheo chake hakifanani na alichoajiriwa nacho. Mwalimu anayependa kuigiza, muuguzi anayependa kuandika, dereva anayependa ramani: kila mmoja ana mahali ambapo mapenzi yake yanakutana na tatizo ambalo mtu tayari analilipia.

Faida nyingine ni kwamba gharama ya kujaribu ni ndogo mno. Haihitajiki akiba wala barua ya kuacha kazi. Huhitajika tatizo moja dogo la kazini na ruhusa, wakati mwingine hata ruhusa si lazima. Na matokeo yakionekana, yanaonekana kwa watu wenye uwezo wa kuajiri.

Kasoro yake ni mbili. Shauku ikiwa mbali sana na kazi, kuzilazimisha zikutane kutaziharibu zote, na mpenda milima anayefanya kazi ya benki hana sababu ya kuuleta mlima benki. Pia mwajiri huweza kuipokea kazi ya ziada kwa shukrani nyingi na kuiacha iwe ya ziada milele, bila cheo na bila malipo. Anayechukua njia hii aweke kumbukumbu ya alichokifanya na kilichookolewa, na baada ya muda wa kuridhisha, tuseme mwaka, aombe jambo hilo liandikwe rasmi kuwa sehemu ya kazi yake. Akikataliwa, bado ameondoka na ushahidi wa kumwonyesha mwajiri mwingine.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa kipato, njia ya tatu ndiyo salama zaidi, ya pili huifuata, na ya kwanza huacha pengo ambalo urefu wake haujulikani mapema. Kwa kasi ya kujifunza mpangilio hugeuka: anayehama hujifunza haraka kuliko wote, ilimradi wasiwasi wa fedha usimlazimishe kukubali kazi ndogondogo zisizomfundisha kitu, jambo ambalo hutokea mara nyingi zaidi ya inavyosemwa. Kwa uwezekano wa kurudi nyuma, kuilea pembeni hakuna mshindani, kwa kuwa anayeacha anachokilea pembeni amepoteza jioni zake tu, ilhali aliyehama huweza kukuta nafasi yake ya zamani imekwisha kujazwa. Kwa watu anaokutana nao, naona njia ya pili na ya kwanza zinakaribiana, mradi wa pembeni ajitokeze. Ya tatu humweka mtu kati ya watu walewale, ingawa humfanya atazamwe upya.

Kipimo kigumu zaidi ni cha uhai wa shauku yenyewe. Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaoamini kuwa shauku ni kitu ambacho tayari kimo ndani ya mtu kikisubiri kugunduliwa walipoteza hamu haraka zaidi mada mpya ilipokuwa ngumu, kuliko wanaoamini kuwa shauku hukuzwa. Jambo hili linazigusa njia zote tatu, lakini linamgusa zaidi anayehama, kwa sababu ugumu humjia wote kwa pamoja, na akiwa na imani kwamba shauku ya kweli haichoshi atauchukua uchovu wa mwezi wa tatu kuwa dalili kwamba alijidanganya. Wa pembeni anaweza kupumzika wiki mbili na kurudi. Tofauti hiyo ya kuweza kupumzika ni ndogo kwa macho, nami naipa uzito mkubwa.

Nani achague ipi

Ikiwa kazi unayoitamani inalindwa na sheria, kama udaktari, uanasheria au urubani, mjadala huu unafupika: shauku haiwezi kuchukua nafasi ya masomo na leseni, na swali linabaki ni lini na kwa fedha gani utasoma. Ikiwa una watu wanaokula kwa mshahara wako, anza na njia ya tatu au ya pili, na usione kwamba umechagua woga. Ikiwa ni kijana ambaye hana mtu anayemtegemea na anaweza kurudi kwao bila kumwumiza mtu, kuhama kwa muda uliowekewa mwisho ni jaribio la haki, hasa kwa shauku inayohitaji kuwa mahali fulani kimwili, kama ile ya Goodall. Na ikiwa kazi uliyo nayo inakuumiza kiafya, tafuta kwanza kazi nyingine yoyote isiyoumiza. Kuitwika shauku jukumu la kukuokoa kutoka mahali pabaya ni kuipa mzigo usiokuwa wake, na wengi waliofanya hivyo waliishia kuichukia.

Kwa anayelea pembeni, dalili kwamba wakati wa kuhama umefika si hamasa, kwa kuwa hamasa hupanda na kushuka. Ninazoziamini ni hizi: watu wasio ndugu wala marafiki wamelipa, na baadhi yao wamerudi bila kukumbushwa, maombi yanayokataliwa kwa kukosa muda yamekuwa mengi kuliko yanayokubaliwa, mtu ameifanya sehemu yake ya kuchosha, yaani hesabu, barua, marekebisho na madai ya malipo, kwa mwaka mzima na bado anarudi, na akiba iliyopo imepimwa kwa matumizi halisi ya nyumba, siyo kwa makadirio. Mbili kati ya hizi zikikosekana, ningemshauri aendelee kulea.

Wapo pia ambao dalili hizo hazitawatokea kamwe, au zitatokea nao wachague kubaki. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa huko Delft, Uholanzi, kazi ambayo watu wake walitumia vioo vya kukuza ili kukagua nyuzi, na kuanzia mwaka 1660 alikuwa pia na cheo katika utawala wa mji kilichompa kipato cha uhakika. Vioo alivyovisaga mwenyewe nyumbani vilikuza vitu kwa uwazi ambao wenzake hawakuufikia, na kwa vioo hivyo aliona viumbe vidogo ndani ya tone la maji na ndani ya utando wa meno yake, ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amevieleza kabla yake. Alianza kuandikiana na Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, mwaka 1673, ikamchagua kuwa mwanachama mwaka 1680, naye akaendelea na vyeo vyake vya mjini na kutazama kwa wakati wake mwenyewe. Barua zake hazikukoma mpaka mwaka 1723, alipofariki akiwa na umri wa miaka 90.